Usiku wa Montego Bay: uzoefu wangu na wifi yangu, Februari 2025

Mimi ni mtoto wa Mtwapa, pwani ya Kenya. Tangu darasa la nne nimelala muziki wa klabu ukipiga ukuta wa chumba, na kabla sijahamia Toronto nilikaa mapokezi ya hoteli moja Shanzu kwa miaka mitatu. Kwa hiyo wifi yangu alipotimiza arobaini na kusema anataka Jamaika, tena Montego Bay, tena siyo kukaa kwenye kiti cha bichi bali kutoka usiku, sikuogopa. Walioogopa ni wengine. Kazini kila mtu alikuwa na habari ya kunionyesha kwenye simu, kwamba Wamarekani wameiweka Jamaika daraja la tatu kati ya manne ya tahadhari kwa wasafiri. (Waliishusha hadi la pili Mei mwaka huohuo. Sisi tulikuwa tumesharudi.)

Tahadhari ile haikutungwa. Montego Bay ni makao ya parokia ya St James (parokia huko ni kama mkoa, si ya kanisa), na St James peke yake ilikuwa na mauaji zaidi ya 300 mwaka 2017. Septemba mwaka huo serikali ilitangaza eneo lake la kwanza la operesheni maalum, na halikuwa mbali huko: lilikuwa Mount Salem, mtaa ulio juu kidogo tu ya barabara ya watalii. Januari 2018 parokia nzima ikawekwa chini ya hali ya hatari, wanajeshi barabarani. Mauaji mengi yalikuwa ya magenge yakigombania pesa za ule utapeli wa kuwapigia simu wazee wa Marekani na kuwaambia wameshinda bahati nasibu. Mtalii hayumo kwenye ugomvi huo, lakini mji ni mmoja. Kuna mitaa ambayo dereva wetu alikataa kutupeleka baada ya magharibi hata tulipomwongezea pesa, na akatuambia usoni kwamba tukipata wa kutupeleka, huyo hatutakii mema.

Huyo dereva ndiye sababu ya mimi kuandika haya, kwa hiyo nianze naye.

Marehemu mjomba wangu alikuwa na teksi Mtwapa. Wageni aliwaambia hivi: dereva mtafute mchana, usiku utapata yeyote. Basi siku ya pili, saa nne asubuhi, tulipanda teksi ya kawaida kwenda mjini. Jamaika teksi halali utaijua kwa pleti nyekundu, na nyingi ni Toyota Probox, zilezile za Kilifi na Malindi, tena wanaendesha kushoto kama kwetu. Wifi alipoiona alicheka mpaka dereva akamuuliza kuna nini. Tukamweleza. Alikuwa mzee wa makamo, haendeshi ovyo, redio yake iko kwenye mahubiri. Tulipofika nikamwomba namba, tukakubaliana bei ya kutupeleka na bei ya kuturudisha usiku. Nilimuuliza pia swali ambalo watu wengi husahau: dola zipi? Huko ukiambiwa dola inaweza kuwa ya Jamaika au ya Marekani, na dola moja ya Marekani ilikuwa zaidi ya 155 za kwao. Kuanzia siku hiyo jina langu likawa "Kenya". Usiku simu inalia, nasikia tu: "Kenya, mi outside."

Sasa, huo usiku wenyewe. Barabara ya watalii, wenyewe huiita Hip Strip. Zamani ilikuwa Gloucester Avenue, na mwaka 2019 ikapewa jina la mwanamuziki Jimmy Cliff. Si ndefu. Unaitembea kwa miguu kutoka upande wa uwanja wa ndege hadi Harmony Beach Park, bustani ya pembeni mwa bahari iliyofunguliwa 2021, haina kiingilio. Hapo jioni palinipendeza kuliko baa zote. Watoto wanakimbia, wazee wamekaa kwenye mabenchi, taa zinawaka, na walinzi wapo bila kukukodolea macho. Pwani yetu tungekuwa na bustani kama hiyo, tena ya bure, ningehama Toronto kesho.

Baa za Hip Strip kwenyewe ni za kawaida tu. Muziki wa watalii, bei za watalii. Angalia bili kabla ya kutoa kadi, maana sehemu moja walikuwa wameshaweka asilimia kumi ya huduma kisha wakatuletea mashine inayoomba bakshishi juu yake. Vijana wa kuuza vitu wapo kila hatua: shanga, ziara, bangi. Ni mabichiboi walewale wa Bamburi wenye lafudhi nyingine, na dawa yao ni ileile, tabasamu na kutosimama. Kuhusu bangi, usidanganywe kwamba ni halali tu. Sheria ya 2015 ilifanya kubeba hadi aunsi mbili kuwe kosa la faini ndogo badala ya kesi ya jinai, na kuna maduka yenye leseni. Ya kunong'onezewa kichochoroni si hiyo, na ukienda nayo uwanja wa ndege ni juu yako.

Nilichogundua ni kwamba mimi hawanisumbui mpaka nifungue mdomo. Nikinyamaza, mimi ni Mjamaika. Wanampita wifi, wananipita mimi, wanawakimbilia Wazungu nyuma yetu. Nikisema tu "no, thank you" wanageuka: unatoka wapi? Nikitaja Kenya, hapo ni Mama Afrika, ni Empress, ni historia ya Haile Selassie, yule mfalme wa Ethiopia anayetukuzwa na Marasta, dakika kumi. Mmoja alinipa bangili ya uzi bure na akakataa pesa kabisa. Nilimshuku mpaka alipoondoka.

Lakini kufanana na wenyeji kuna upande wake wa pili. Siku mbili za kwanza tulilala kwenye hoteli kubwa, ile ya kulipa mara moja chakula na vinywaji vyote ndani. Sitaitaja. Usiku wa kwanza nilitoka kuchukua hewa getini, nikarudi, askari akanizuia. Kibangili cha hoteli kiko mkononi, kimefunikwa na sweta. Aliniuliza nimekuja kumuona nani. Wakati huohuo wanandoa Wazungu wawili wakapita nyuma yangu, mikono mitupu, wakaambiwa "good night". Nilivuta mkono wa sweta nikamwonyesha kibangili. Akaomba radhi kwa haraka, na nikaona kwamba namfahamu vizuri kuliko ninavyotaka, maana mimi nimewahi kukaa mapokezi Shanzu na nimewaona askari wetu wakimpigia Mzungu saluti na kumwomba dada wa Kisauni kitambulisho. Sikuwahi kusema kitu.

Kesho yake tulikuwa mjini, uwanja wa Sam Sharpe, ambako yule kiongozi wa uasi wa watumwa wa Krismasi ya 1831 alinyongwa mwaka uliofuata. Pembeni kuna kijumba kidogo cha mawe na matofali kinachoitwa The Cage. Mwanzoni mwa karne ya 19 kilikuwa mahabusu, na watumwa waliokutwa mjini baada ya kengele kupigwa walitiwa humo. Wifi alinitazama, akasema, "Wewe wangekufungia humu kwa sweta." Tukacheka. Siku ya tatu tukahamia nyumba ya wageni Ironshore.

Ijumaa ni Pier 1, baa na klabu ukingoni mwa maji. Wenyeji ndiko wanakoenda, na hapo ndipo pesa yako ya nauli inapolipa. Usifike saa nne usiku, utacheza na viti. Saa saba ndipo watu wanaingia, wamevaa kweli, na DJ anaanza dansi holi. Mwanamume atakujia kwa nyuma kucheza bila kuuliza, ni kawaida ya pale. Ukisogea hatua moja na kutikisa kichwa, wengi wanaelewa. Mmoja hakuelewa, na kabla sijasema lolote wanawake wawili wa meza ya pili walimwambia maneno ambayo sikuyapata yote, akaondoka. Kinywaji tulichukua chupa iliyofunguliwa mbele yetu, bia ya huko ya Red Stripe. Isipokuwa wifi alionja ramu nyeupe, Wray & Nephew, asilimia 63, kwa kuwa ni birthdei yake. Onjo moja likawa matatu.

Kosa tulilifanya Jumamosi, tena tulikuwa hata hatujalewa. Dereva wetu alisema atachelewa dakika ishirini. Wifi miguu inamuuma. Nje ya baa kuna kijana, "taxi, ladies", na gari safi, bei nzuri. Pleti nyeupe niliiona. Nikajiambia ni karibu tu. Tumepita uwanja wa ndege akapunguza mwendo, akasimama gizani, rafiki yake akaingia mbele bila salamu. Labda ni rafiki anayepewa lifti. Sijui mpaka leo. Wifi, ambaye nyumbani hupiga kelele akiona mende, alisema kwa sauti ya chini kabisa: "Kijana wangu, pale penye kituo cha mafuta tunashuka." Akashika kitasa. Gari lilisimama, tukalipa bei yote, tukashuka.

Kando ya kituo kulikuwa na mama anachoma kuku kwenye pipa la mafuta lililopasuliwa katikati. Aliona gari, akaona nyuso zetu. Akatuwekea viti nyuma ya pipa, upande wake, na simu yangu ilipogoma akampigia dereva wetu kwa simu yake mwenyewe. Kisha ndipo akaanza kutugombeza: yale magari yasiyo na leseni wanayaita "robot", na watu wazima kama sisi tunapandaje robot usiku? Tulitulia kama watoto waliochelewa kurudi madrasa. Kuku wake alikuwa mtamu kuliko wa mgahawa wowote tuliokula.

Mzee alifika, hakusema kitu njia nzima. Alipotushusha ndipo akasema dakika ishirini zake huwa ni ishirini.

Kwa atakayekwenda: polisi ni 119, ambulansi 110. Bichi usiku usitembee, hata ikiwa na mbalamwezi. Na Oktoba 28, 2025 kimbunga Melissa kiliupiga upande wa magharibi wa kisiwa vibaya sana, kwa hiyo kabla hujalipia chochote uliza kama mahali unapopataka pamefunguliwa.

Mji naupa nyota nne kwa tano, dereva na mama wa kuku tano kila mmoja. Hoteli ya kibangili moja, na hiyo ni kwa sababu ya kiamshakinywa.