Hebcal: kalenda ya bure kwa anayepanga safari za kikazi za wanaoshika Sabato

Kama kazini kwenu kuna Wayahudi wanaoshika Sabato, au mnafanya biashara na watu wa Israeli, na we ndo unayekata tiketi na kupanga vikao, fungua Hebcal, kalenda ya Kiyahudi ya mtandaoni, kabla hujafungua tovuti ya shirika lolote la ndege. Mi ndo napanga safari za wenzangu kazini na hii kitu siiachi. Ni ya bure, na ya siku nyingi pia, ilianza 1992 kama programu ya kompyuta aliyoandika Danny Sadinoff, afu 1999 Michael Radwin akaiweka kwenye intaneti.

Kalenda ya kawaida ya simu inakuandikia Yom Kippur, siku yao ya kufunga na kutubu, tarehe fulani, basi, unaona siku moja unadhani umemaliza. Ila siku ya Kiyahudi inaanza jua likizama, kwa hiyo Yom Kippur ya 2026, inayoandikwa Jumatatu tarehe 21 Septemba, inaingia Jumapili jioni, na kabla ya hapo mtu anatakiwa awe keshafika, keshakula, keshatulia kwa ajili ya mfungo. Sabato ni hivyohivyo, Ijumaa jioni mpaka Jumamosi giza likishaingia, kama saa 25 hivi, na ndani ya saa hizo anayeishika hapandi gari, hapandi ndege, hagusi simu. Usimtumie ujumbe ukategemea atajibu fasta kimyakimya, hajibu.

Hebcal unaiandikia mji, inakutolea saa ya kuwasha mishumaa ya kuikaribisha Sabato au sikukuu, kwa kawaida dakika 18 kabla jua halijazama, na Yerusalemu ni dakika 40 maana ndo desturi yao. Hapa ndo penyewe, mji ndo kila kitu. London katikati ya Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo mishumaa ni saa tisa na nusu na dakika chache, mtu akiwa na kikao Ijumaa saa nane mchana ujue hicho kikao hakipo. Mji huohuo mwezi wa sita mishumaa ni saa tatu usiku, Ijumaa yote mnafanya kazi, lakini Jumamosi Sabato inatoka baada ya saa nne usiku, sasa hiyo ndege ya Jumamosi usiku uliyoona ina bei nzuri ataiwahi saa ngapi? Wakala mmoja wa safari aliwahi kumkatia mwenzetu ndege ya Ijumaa asubuhi, New York kwenda London, Desemba, eti inatoka mapema muda upo. Inatoka mapema ndio, ila inatua usiku, na London jua limezama zamani. Ikabidi tuihamishie Alhamisi. Kinachoangaliwa ni jua la kule anakotua, na ukielekea mashariki saa zinakuliwa njiani, kwa hiyo ndege yoyote ya Ijumaa kuelekea mashariki mi naiogopa, labda awe anafika mchana kweupe na hoteli iko karibu.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni jinsi inavyoonyesha sikukuu zilizoshikana na Sabato. Ukiiunganisha na kalenda yako ya Google au Outlook, utaona maandishi mawili yanajirudia, Candle lighting na Havdalah, yaani kuwasha mishumaa na ile ibada ya kuiaga siku takatifu. Kanuni yangu ni kwamba kuanzia Candle lighting ya kwanza mpaka Havdalah itokee, sikati tiketi wala siweki kikao. Chukua Pasaka ya Kiyahudi ya 2026 kwa mtu anayeishi nje ya Israeli: mishumaa Jumatano tarehe 1 Aprili jioni, mishumaa tena Alhamisi usiku, mishumaa tena Ijumaa jioni, Havdalah inakuja Jumamosi usiku tarehe 4. Siku tatu nzima mtu hapatikani. Sa ibadilishe kalenda iwe ya Israeli, Havdalah ya kwanza unaiona Alhamisi usiku, kwa sababu wao mwanzoni mwa sikukuu wanashika siku moja na wa nje wanashika mbili, kwa hiyo Ijumaa asubuhi wa Tel Aviv anaweza akasafiri na wa London hawezi. Bila kuseti hicho kipengele utakuwa unapanga safari ya mtu mmoja kwa kalenda ya mwingine. Na wa London akiwa Israeli kikazi sikukuu ikamkuta kule, muulize mwenyewe anashika ngapi, usimwamulie. Mwaka mpya wao, Rosh Hashanah, ni siku mbili kotekote, hapo hakuna mjadala.

Mgeni kitakachomchanganya ni vifupisho. Utakuta Pesach III na mbele yake CH''M, hizo ni siku za katikati ya sikukuu, safari inaruhusiwa, ila wengi wanachukua likizo na kula nje kwenye Pasaka ni kazi kwelikweli maana chochote chenye chachu hakiliwi. Mi naziweka kama siku za kuomba ruhusa kwanza. Chanukah, sikukuu yao ya taa ya siku nane, nayo inaandikwa kwa idadi ya mishumaa kila siku, isikutishe, watu wanafanya kazi na wanasafiri kama kawaida, isipokuwa Sabato ya katikati. Mambo mengine kama masomo ya Torati ya kila wiki unaweza kuyazima yasikujazie kalenda.

Isichokupa ni habari za usafiri wenyewe, na siidai, ni kalenda. Ila inabidi uzijue: El Al, shirika la ndege la Israeli, hairuki siku ya Sabato wala sikukuu, treni za Israeli zinasimama, mabasi mengi pia, na Yom Kippur uwanja wa ndege wa Ben Gurion, ule mkubwa wa kule, unafungwa kabisa, hata kama msafiri wako si Myahudi hatoki. Wiki ya kazi kule ni Jumapili mpaka Alhamisi, kwa hiyo kama unataka vikao vingi mtu atue Jumamosi usiku au Jumapili alfajiri. Hoteli nayo angalia iwe inatembeleka kwa miguu hadi sinagogi, uliza kama kuna lifti ya Sabato, yaani inayosimama yenyewe bila kubonyezwa, au chumba cha ghorofa ya chini, na ufunguo wa kawaida badala ya kadi ya umeme. Hayo nayapigia simu mapema, maana mapokezi Ijumaa jioni hawatakuwa na muda na wewe.

Tarehe zinahamahama kila mwaka lakini haziendi mbali, maana wanaongeza mwezi mzima mara 7 katika kila miaka 19, ndo maana Pasaka haitoki majira yake. Unaweza kuvuta miaka ya mbele, nami nafanya hivyo kila bajeti ya safari inapopangwa. 2028 Rosh Hashanah inaanguka Alhamisi na Ijumaa, 21 na 22 Septemba, afu Sabato inafuata papohapo. Kama mna mkutano mkubwa wiki hiyo, usogezeni sasa hivi kabla ukumbi haujalipiwa.