Klasta yangu ya kompyuta nne za mtumba, miezi minane baadaye

Natengeneza katuni fupi za matangazo kwa Blender, programu ya kutengeneza picha na katuni za 3D. Sekunde 10 za katuni ni fremu 240, yaani picha moja moja, na kompyuta yangu ilikuwa inakula dakika 4 kuichora kila fremu. Piga hesabu: saa 16. Halafu mteja anakwambia "badilisha rangi ya kofia tu", usiku mwingine umekwenda.

Mashine kubwa yenye kadi ya picha ya maana sikuwa na ubavu nayo. Nikaenda Kariakoo nikachukua kompyuta ndogo nne zilizotumika, zile zinazofungwa nyuma ya skrini, kila moja na prosesa ya i5-6500T yenye kori 4 (vitengo vinavyopiga hesabu kwa wakati mmoja) na RAM ya GB 8. Muuzaji akaniapia: "Bosi, huu mzigo wa Dubai, ofisini walikuwa hawazigusi." Nikaziunga kwa kebo ziwe klasta, yaani mashine kadhaa zinazogawana kazi moja. Jumla nikapata kori 16. Nilicheka peke yangu, maana Beowulf, ile klasta ambayo Thomas Sterling na Donald Becker waliiunga NASA mwaka 1994 kwa vipuri vya kawaida vya dukani, nayo ilikuwa na prosesa 16, tena za 486, za zama zile.

Programu zote ni huria, sikulipa hata shilingi. Mfumo endeshi wa Debian 12 kwenye kila mashine, NFS ili zote zione folda moja, Slurm wa kupanga foleni ya kazi, na Munge ambayo kazi yake ni mashine kutambuana kwa ufunguo mmoja wa siri. Kuziweka ni jioni moja. Faili la mipangilio ya Slurm, slurm.conf, ndilo lililonila jioni mbili, kwa sababu jina la mashine moja nililiandika kwa herufi kubwa.

Lakini siku ilipokubali! Unaandika sbatch, amri ya kutuma kazi kwenye foleni, na --array=1-240 ili kila fremu iwe kazi yake, unabonyeza Enter, feni nne zinaanza kuvuma kwa pamoja mezani. Fremu zote 240 ziliisha kwa saa 4 na dakika 10. Na luku haikushtuka: mashine nne kwa muda huo zinatumia umeme karibu uleule ambao moja ingetumia kwa saa 16.

Wiki ya tatu umeme ukakatika mchana, ukarudi baada ya saa mbili. Nikaandika sinfo, amri ya kuona hali ya mashine: mbili ziko "down", yaani hazipo kazini. Naziamsha, zinaanguka. Nikabadilisha kebo, nikanakili upya ufunguo wa Munge, nikamlaumu muuzaji wangu wa watu. Usiku wa manane ndipo nilipoandika date, amri ya kuona saa, kwenye zote nne, nikaona mbili ziko nyuma kwa saa mbili kamili. Betri zake za saa, zile bapa kama sarafu, CR2032, zilikuwa zimekufa. Umeme ukiondoka, saa ya mashine inapotea, na Debian ikiwaka inaendelea na muda wa mwisho iliokuwa imeuhifadhi. Na Munge ina wivu: kibali chake kinaishi dakika 5 tu, ukichelewa hapo hakutambui. Mashine hizo hazina intaneti, kwa hiyo hakukuwa na pa kuuliza saa.

Nikabadilisha betri zote nne, hata zile nzima. Nikaweka chrony, programu ya kulinganisha saa, mashine ya kwanza ikawa ndiyo saa ya nyumba. Nikaweka pia ReturnToService=2 kwenye slurm.conf ili mashine iliyozimika ghafla ijirudishe kazini yenyewe. Mashine ya kwanza na swichi ya mtandao inayoziunganisha sasa ziko kwenye UPS. Kama unanunua za mtumba, betri hizo badilisha siku ile ile, kabla hata hujaweka Debian.

Kwa upande mwingine nilijidanganya. Rafiki yangu mhandisi alileta kazi yake ya OpenFOAM, programu ya kukokotoa mtiririko wa hewa na maji: mtiririko wa hewa kwenye paa la ghala. Mashine moja iliimaliza kwa dakika 50. Zote nne: dakika 34. Fremu za katuni hazijuani, kila mashine inachukua yake na kukaa kimya. Hewa ya paa inataka mashine ziulizane kila hatua, na kwa kebo za gigabiti moja zinashinda zikingojeana. Akaniangalia, akasema, "Kaka, kori 12 zaidi kwa dakika 16?"

Nilikuwa nimeweka akiba ya kununua mashine ya tano. Akiba hiyo nimenunulia RAM, maana mandhari ya tangazo la mwezi huu, lenye miti, haitoshi kwenye GB 8.