Gitaa lenye daraja linaloelea: miezi saba ya kuvutana na springi

Nianze na bei, maana najua ndiyo itakayoulizwa kwanza. Laki sita na nusu, mtumba, Kariakoo, pamoja na begi ambalo zipu yake ilishakufa. Chapa siitaji, kwa sababu kasoro nyingi nilizokutana nazo ni za aliyelipiga kabla yangu, nyingine za fundi, na chache zangu mwenyewe. Ninachokipima hapa ni kile kilichonifanya nilitamani gitaa hili tangu nilipoliona limening'inia dukani: daraja la mtindo wa Floyd Rose, lenye mkono, yaani kifimbo cha chuma cha kulitikisa, linaloelea.

Kwa asiyelijua: daraja ni kile kipande kinachoshika nyuzi upande wa mwilini, na magitaa mengi daraja lake limekazwa kwa skrubu, halina pa kwenda. Langu limeegemea tu kwenye nguzo mbili fupi za chuma. Nyuzi sita zinalivuta kuelekea kichwani, na mgongoni mwa gitaa, chini ya kifuniko cha plastiki, kuna springi zinazopingana na nyuzi hizo. Nguvu zikilingana, daraja linabaki hewani. Ukiubonyeza mkono, nyuzi zinalegea na sauti inazama. Ukiuvuta juu, zinakaza na sauti inapanda. Watu wanauita mtambo huu tremolo, ingawa wenye elimu ya muziki watakuambia tremolo ni sauti kukua na kufifia, siyo kupanda na kushuka. Mtengeneza magitaa wa Marekani, Leo Fender, ndiye aliyeuita hivyo kwenye gitaa lake la Stratocaster la 1954 na jina likaganda. Floyd Rose, mpiga gitaa wa Marekani, yeye alikuja miaka ya 1970 na wazo la kuzibana nyuzi huku na huku, shingoni na kwenye daraja lenyewe, zisiteleze popote. Hataza yake, yaani haki ya ubunifu huo, ilitoka mwaka 1979.

Na inafanya kazi, hilo nalisema mapema nisije nikaonekana mlalamishi. Likiwa limepangwa vizuri, nalizamisha mpaka nyuzi zinalala kama kamba ya kuanikia nguo, nauachia mkono, na tyuna, kile kifaa cha kupimia sauti ya uzi, inaniambia kila uzi umerudi ulipokuwa. Gitaa langu la zamani ukiligusa mkono mara mbili tu lazima utyuni upya.

Shida ni hilo neno "likiwa limepangwa".

Siku ya kwanza nyumbani nilikaa nalo saa mbili. Natyuni uzi wa sita, naenda wa tano, wa nne, nikifika wa kwanza narudi wa sita nakuta umeshuka. Naukaza, wengine wanashuka. Nilidhani funguo za kichwani zimechoka. Kumbe ndivyo daraja hili lilivyo: kila uzi unaoukaza unalivuta daraja lote mbele kidogo, na zile tano nyingine zinalegea bila wewe kuzigusa. Ni mizani ya sokoni. Ukiongeza nyanya upande mmoja, usishangae upande wa pili unaponyanyuka.

Nikampelekea fundi. Akanitoza elfu arobaini, akaniwekea nyuzi mpya, akanirudishia gitaa ambalo daraja lake limeinuka nyuma kama mkia wa jogoo, na nyuzi ziko juu ya freti, vile vyuma vya shingoni, kiasi cha kuumiza vidole. Nilipomuuliza akanijibu, "Kaka, haya magitaa ya kizungu ndivyo yalivyo, utazoea." Sikuzoea. Baadaye nilisoma kwenye pakiti aliyoniachia nikaelewa: alitoa seti ya 9 hadi 42 (ni unene wa nyuzi, kwa elfu za inchi), akaweka ya 10 hadi 46, na springi hakuzigusa. Seti nyembamba kwenye tuni ya kawaida inavuta kama kilo 38. Ile nene inavuta kama kilo 47. Kilo tisa zimeongezwa upande mmoja wa mizani, unategemea nini?

Kuanzia hapo niliamua kufanya mwenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipotamani mtu angenielekeza.

Fungua kifuniko cha mgongoni. Utaona kipande cha chuma kilichoshikwa na skrubu mbili ndefu kwenye mbao, springi zimening'inizwa hapo. Skrubu hizo ndizo zinazotawala kila kitu. Ukizikaza, springi zinavuta zaidi na mkia wa daraja unashuka, ukizilegeza, unainuka. Mimi nilikuwa na springi tatu, nikaongeza ya nne kwa ajili ya zile nyuzi nene. Kisha dawa ya ule mzunguko wa kutyuni usioisha: lizuie daraja lisitembee wakati unatyuni. Sukuma kitu, betri au kipande cha mbao kilichofungwa kitambaa, katikati ya bonge la chuma lililo chini ya daraja na ukuta wa tundu ulio upande wa makalio ya gitaa, huku daraja likiwa sambamba na mwili. Legeza springi kidogo ili nyuzi ziwe ndizo zinazolibana daraja kwenye hicho kipande. Sasa tyuni. Uzi unaoukaza hausumbui mwenzake, kwa sababu daraja haliendi popote. Nyuzi zikishakaa kwenye tuni, anza kukaza zile skrubu mbili, robo mzunguko huku, robo mzunguko kule, mpaka kile kipande kilegee na kudondoka chenyewe. Kikidondoka, mizani imekaa. Kazi iliyonila saa mbili siku ya kwanza sasa inachukua dakika kumi na tano.

Mambo mengine kwa haraka. Urefu wa nyuzi kutoka kwenye freti unaurekebisha kwenye zile nguzo mbili, lakini legeza nyuzi kwanza: daraja linakalia nguzo kwa makali kama ya kisu, na ukizungusha nguzo likiwa limebeba mzigo wote unayala makali. Makali yakiliwa, halirudi tena kwenye tuni, na hapo hakuna skrubu itakayokusaidia. Ya kwangu yalikuwa na kutu kidogo. Hali ya hewa ya Dar na jasho la jukwaani vinakula chuma bila huruma. Niliyafuta, nikaweka tone moja la mafuta ya cherehani, na tofauti niliisikia siku hiyohiyo. Springi zikilia kama kengele kila ukikata noti, wekea sponji ya kuoshea vyombo chini yake.

Kubadilisha uzi ni adhabu. Unakata kile kigololi cha mwisho wa uzi kwa koleo, unauchomeka kwenye daraja, unaubana kwa alenki, ule ufunguo wa pembe sita, ya milimita 3. Ndani ya kila kibanio kuna kitofali kidogo cha chuma ambacho ukigeuza gitaa bila kuangalia kinadondoka. Cha kwangu kimoja nilikitafuta kwa tochi chini ya kitanda usiku wa manane, na mke wangu hakufurahi. Badilisha uzi mmoja mmoja, usizitoe zote kwa pamoja. Zivute kwa mkono mpaka ziache kulegea ndipo ufunge kufuli ya shingoni, na kabla ya kuifunga hakikisha zile skrubu ndogo za kutyunia kwenye daraja ziko katikati. Kufuli ikibanwa, tuni inapanda kidogo, na hizo skrubu ndizo pekee zitakazokuokoa. Mimi niliziacha zimezama mpaka mwisho mara ya kwanza, nikalazimika kufungua kila kitu upya.

Sasa jukwaani. Mimi ni mpiga solo kwenye bendi ya dansi, tunapiga Ijumaa na Jumamosi. Mapigo yetu ni ya noti mbilimbili, juu kabisa ya shingo, sauti safi isiyo na mikwaruzo. Kwenye daraja hili ukisukuma uzi mmoja kuupandisha, ule wa pembeni unaolia nao unashuka, kwa sababu daraja limetembea. Mpiga roki haimsumbui sana. Kwenye sebene mtu aliyekaa meza ya mwisho na soda yake anasikia. Kiganja nacho kikilalia daraja, nyuzi zote zinapanda. Nilijifunza upya namna ya kuweka mkono wa kulia, baada ya miaka kumi na moja ya kupiga gitaa.

Halafu kuna waimbaji. "Mzee, leo koo limenikamata, tushushe nusu." Mpiga ridhim anageuza funguo zake sita, besi nne, wamemaliza. Mimi nafungua kufuli, natyuni, mizani imevurugika, nafungua mgongo wa gitaa, watu wanasubiri. Tangu hapo mwimbaji wetu akiwa na mafua ananitumia ujumbe mchana.

Lakini siku iliyonifanya nifikie uamuzi ni ile uzi wa tatu ulipokatika katikati ya wimbo, ukumbi umejaa. Uzi ukikatika kwenye gitaa la kawaida unabaki na tano, unajisogeza hivyohivyo. Hapa springi zilishinda papo hapo, daraja likazama nyuma, na nyuzi tano zilizobaki zikapanda zote kwa pamoja. Mpiga besi alinigeukia kana kwamba nimemtukana mama yake. Nikafunga sauti, nikacheza shoo na wanenguaji mpaka wimbo ukaisha.

Wiki iliyofuata nilimwomba seremala wa mtaani kwetu kipande cha mninga, nikakipiga msasa kidogokidogo mpaka kikakaa sawasawa kati ya lile bonge la daraja na ukuta wa upande wa springi, kisha nikakaza springi zilisukume daraja likiegemee. Sasa mkono unazama tu, haupandi. Uzi ukikatika, mwingine hauhami. Noti mbilimbili zimetulia, na kiganja kinalala kinapotaka. Nikiwa nyumbani nataka kuchezea ile sauti ya kuruka juu, nakitoa, nalegeza skrubu, nimerudi kwenye kuelea.

Kwa hiyo nyota ngapi? Kwa ubunifu wa chuma chenyewe nampa Floyd Rose nne na nusu. Kwa mtu anayepiga roki, au wa studio mwenye magitaa mawili matatu ukutani, chukua bila wasiwasi, ila kagua makali ya daraja kabla hujatoa pesa: zamisha mkono, achia, pima, uvute juu, achia, pima tena. Tyuna ikikupa majibu mawili tofauti, rudisha gitaa ukutani. Kwa mpiga dansi mwenye gitaa moja tu, nyota mbili, na mbili hizo ni kwa sababu kipande cha mninga kilinigharimu elfu mbili.

Alenki ya milimita 3 nimeifunga kwenye mkanda wa gitaa kwa uzi wa kushonea. Ya kwanza ilibaki ukumbini Magomeni.