Pevingi za kupitisha maji: nimezitumia masika mawili, maoni yangu haya hapa

Naanza na nyota kabisa, tatu na nusu kwa tano. Tofali zenyewe ningezipa tano, hiyo moja na nusu wamenikosesha muuzaji na fundi, subirini.

Mimi nipo Tegeta na kila masika uwanja wangu ulikuwa bwawa, maji yanapanda mpaka barazani. Nikasikia kuna pevingi za kupitisha maji, nikaenda yadi moja (siitaji jina), kijana ananiambia "dada hii tofali inanyonya yenyewe". Uongo mtupu. Tofali ni zege gumu kama mengine, maji yanapita kwenye nafasi kati ya tofali na tofali, ndo maana zina vimasikio pembeni vya kuziachanisha, halafu chini inatakiwa kokoto tupu zisizo na vumbi ili maji yapate pa kukaa yakisubiri kuzama ardhini. Yani hela yako nyingi inafukiwa, huioni tena.

Sasa fundi. Kaja na kompakta na lori la mchanga kama kawaida yake. Namwambia fundi sitaki mchanga, weka kokoto, na kwenye viungo weka chenga za kokoto zilizooshwa, ananijibu "mama, bila mchanga hizi zitacheza". Nikaenda kazini, narudi jioni kamaliza upande wote wa getini kwa mchanga na vumbi la kokoto! Upande wa nyuma ikabidi niombe ruhusa kazini siku mbili nisimamie mwenyewe.

Mvua kubwa ya kwanza ikatoa majibu. Nyuma unapita na ndala bila kunyanyua gauni, getini dimbwi la kufugia kambale.

Kuna kipimo chake kumbe, unagandisha pete ya upana wa sentimita 30 juu ya tofali, unamwaga maji ndani, unahesabu sekunde. Mimi nikakata kitako cha ndoo ya rangi nikaziba pembeni kwa unga wa ngano uliokandwa. Nyuma maji yalipotea huku bado namimina. Getini nikaacha nikaenda kukaanga mayai, nikanywa na chai, narudi maji yananiangalia tu.

Kinachoniuma ni kwamba haya wenzetu walishayajaribu zamani kwa hela ya serikali. Marekani mamlaka yao ya mazingira, EPA, mwanzoni mwa miaka ya 70 ililipia utafiti wa lami yenye matundu Franklin Institute kule Philadelphia, 1977 ikatandikwa paking ya mfano Walden Pond, Massachusetts. 2009 EPA wakafungua paking ya magari 110 kwenye kituo chao Edison, New Jersey, tofali, zege lenye matundu na lami yenye matundu zote sehemu moja, watu wanapaki kama kawaida huku vipimo vinasoma. Zege lenye matundu likapitisha maji kwa kasi kuliko zote, lami yenye matundu ikawa ya mwisho. Wakaona pia kuziba kunaanzia ukingoni, pale panapopokea maji kutoka njia ya magari ya lami ya kawaida. Nilicheka peke yangu, maana hata baada ya kufumua na kurudia, kwangu panapoanza kuziba ni palepale getini, matairi yanaleta tope la mtaa.

Ila kule wana magari ya kufyonza uchafu, mimi nina fagio la chelewa. Hili vumbi letu linaziba viungo baada ya masika mangapi? Halmashauri ingetenga kafungu tu, paking ya ofisi ya kata nusu pevingi hizi nusu za kawaida, vijana wa chuo walipwe kupima miaka kadhaa, tungepata vipimo vyetu. Kwa sasa mradi wa mfano ni uwanja wangu, mfadhili ni mshahara wangu, na majirani wanakuja kukagua bure.

Ukinunua hakikisha zina vimasikio, kokoto zioshwe ukiwa unaona, na usizitandike kuegemea msingi wa nyumba, maji yatashuka hukohuko.

Fundi alivyokuja kufumua getini (kwa hela yangu tena jamani) aliiomba ile ndoo isiyo na kitako eti akawaoneshee wateja. Nikampa, nikamwambia abebe na mchanga wake.