Umekuja kumwona nani? (uzoefu wangu na shoo ya bendi huru Toronto)

Nyota mbili, na hizo mbili ni za wanamuziki. Mlango wa ule ukumbi ningeupa sifuri kama ingewezekana.

Ukumbi wenyewe siutaji, upo Queen Street West na kule kumbi za muziki zimejipanga kama maduka ya Kariakoo, mkibahatisha mtakosea tu. Ni zile shoo za bendi huru, zisizo na kampuni kubwa nyuma yao, bendi nne usiku mmoja, kiingilio dola 15. Ilikuwa mwezi wa kwanza au wa pili hivi, ile baridi ya kukata masikio. Aliyenikokota ni mshkaji wangu wa Mombasa tunapiga naye shifti wehausi. Kila siku ananisema, eti nimekaa Kanada miaka yote hii nasikiliza vitu vya nyumbani tu, sijui hata kwamba tuzo ya Polaris ya 2022, ile ya albamu bora ya Kanada, mwaka ule ilikuwa dola 50,000, aliibeba Pierre Kwenders, mzaliwa wa Kinshasa, anaimba Kilingala humo humo, na 2020 ilikwenda kwa rapa Backxwash mzaliwa wa Lusaka, na majaji hawaangalii umeuza ngapi wanasikiliza kazi. Nikasema haya bwana, twende.

Sasa tumefika mlangoni. Kuna jamaa kakaa kwenye stuli, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi, ana karatasi kwenye kibao na kalamu. Nimetoa hela, kapokea, hajanitazama, ananiuliza, "Umekuja kumwona nani?"

Jamani, tangu siku ile nashuka uwanja wa ndege wa Pearson na begi langu, naulizwa na uhamiaji, sijaulizwa swali hilo kwa sauti ile. Moyo ukapiga paa. Nikamwambia nimekuja kwenye muziki. Akarudia, "Nani?" Nikasema wote. Akapumua kama mtu aliyebebeshwa gunia, akasema huwezi kuja kwa wote, taja mmoja, na nyuma yangu foleni ya watu wanaruka ruka kwa baridi, mmoja akasonya kabisa. Mimi majina siyajui hata moja! Jamaa akasema basi nakuweka kwa wa mwisho, akachora kijiti kwenye karatasi, akanigonga muhuri mkononi kama ananipiga kofi, "next".

Nikaingia ndani nimevimba. Nikamwambia mshkaji, mzee, nimebaguliwa hivi hivi, wazungu wote wanapita mimi nahojiwa. Yule akacheka tu, akaenda kaunta kuchukua bia.

Bendi ya kwanza walikuwa vijana watatu wa Hamilton wanapiga makelele, sina la kusema, masikio yangu yalishajaa hasira. Bia bei mbaya. Choo sitaki kukizungumzia.

Halafu akapanda dada mmoja peke yake na gita. Mtu wa Thunder Bay. Kwa msiojua, Thunder Bay ni Ontario hii hii lakini kutoka kule mpaka Toronto ni karibu kilomita 1,400, yaani Dar hadi Mwanza na chenji inabaki, na katikati unazunguka Ziwa Superior kwenye theluji, na yeye alisema kaja anaendesha mwenyewe. Watu walikuwa wanapiga soga, nusu ya ukumbi imempa mgongo. Akaanza wimbo wa baba yake aliyefanya kazi kwenye yale maghala makubwa ya nafaka ya bandarini kwao, na katikati ya wimbo uzi wa gita ukakatika, pwaa, ukamchapa kidole.

Hakusimama. Aliendelea kuimba, sauti tupu, huku kapiga goti moja, anatafuta uzi kwenye mkoba, meno yanafungua kikaratasi, mkono wa kushoto unapitisha uzi, wa kulia unakaza, na anapokaza ule uzi unalia uuuiii unapanda, na yeye akawa anaufuata kwa sauti, anapanda nao! Mpaka ulipotulia kwenye noti yake na yeye katulia hapo hapo, akasimama, akapiga. Aisee. Wale waliompa mgongo waligeuka wote. Bia yangu nilikuwa nimeishika sijainywa.

Mimi ni mtoto wa Dar, mama yangu wa taarab. Kwetu mtu akikugusa hivyo hukai umekunja mikono, unanyanyuka unakwenda kumtunza mbele za watu. Nikachomoa noti ya ishirini, ile ya kijani ya plastiki, nikaanza kwenda mbele kwa mwendo wa madaha. Mshkaji akanidaka koti. "Wee, wee, wataka kutuaibisha? Huku hakutunzwi. Kama wamtaka apate pesa ungemtaja mlangoni."

Nikasema, unasemaje?

Ndiyo akanieleza. Kumbe lile swali halikuwa la uhamiaji. Ile karatasi ndiyo mshahara. Kila anayeingia anaulizwa kaja kwa nani, kinachorwa kijiti, mwisho wa shoo ukumbi unakata kwanza hela ya fundi mitambo na ya huyo huyo jamaa wa kofia, kinachobaki wanamuziki wanagawana kwa vijiti. Nikamuuliza, wewe ulijua? "Nilidhani wajua." Yeye kijiti chake alishakiweka kwa bendi ya tatu, ya kutoka Montreal, sababu mpiga drama wao aliwahi kuwa jirani yake. Na changu mimi kimekwenda kwa watu ambao sijawaona hata sura!

Basi nikarudi mlangoni. Nilikwenda kwa adabu zote, naapa. Nikamwambia samahani kaka, naomba kijiti changu unihamishie kwa yule dada. Akaniangalia kwa mara ya kwanza usiku ule. Akasema hesabu haibadilishwi. Nikamwambia watu bado wanaingia, hujafunga hesabu. Akasema siyo kura hii, brother. Halafu, hapa ndipo aliponimaliza, akaigeuza karatasi kifudifudi kwenye goti akaweka kiganja juu yake. Kama mimi mwizi. Ila nilishawahi kuona: bendi ya mwisho vijiti vimejaa mistari mitatu, vitano vitano. Kwa yule dada vilikuwa vinne.

Vinne! Kilomita 1,400 kwa vijiti vinne, na cha tano nilikuwa nacho mimi mdomoni nikakitema.

Sasa nimekaa nikafikiria kwenye basi la usiku, labda namwonea. Aliyeleta watu ndiye alipwe, hata zile bendi za Dar, msondo na sikinde, walikuwa wanatambiana kwa mashabiki. Lakini hapana, siyo haki hata kidogo, bendi ya mwisho ni watoto wa pale pale mjini, mlangoni wamejaa shangazi zao na wenzao wa kazini, mtu wa Thunder Bay Toronto atakuwa na shangazi gani? Nchi hii imetunga sheria redio zake za Kiingereza zipige asilimia 35 muziki wa Kanada, ilianza na asilimia 30 mwaka 1971, kote huko wanalinda wasanii wao, halafu mlangoni mtu anaangukia kalamu ya jamaa ambaye hawezi hata kusema sentensi moja: "Naulizia ili wajue nani alipwe." Sentensi moja tu! Ningemtaja yeyote yule kwa raha zangu.

Wale wa Montreal walikuwa wazuri, wana tarumbeta, wanaimba Kifaransa, watu walicheza. Bendi ya mwisho nao si wabaya, nasema kwa uchungu.

Yule dada nilimkuta kwenye kimeza chake karibu na choo, anauza fulana na kaseti, ndiyo, kaseti, ndiyo fasheni huku. Kaseti dola kumi. Nikampa ile ishirini, akatafuta chenji nikamwambia hapana, kwetu ndivyo tunavyofanya, akadhani natania. Kidole kilikuwa na plasta.

Kwa hiyo weka tatu. Tatu na nusu. Mwezi ujao nimeshakata tiketi ya shoo nyingine pale pale, na majina yote manne nimeyaandika kwenye simu.

Kaseti ipo juu ya friji. Sina redio ya kupigia. Mwenye nayo Toronto au Mississauga anitafute, nitaifuata mwenyewe.