Nailoni ya msingi: pima kilo kwanza, geji baadaye

Masika yakielekea ukingoni, malalamiko ninayoandikiwa huwa ni ya aina moja. Safari hii limetoka kwa dada mmoja wa Kigamboni. Nyumba yake haijamaliza miaka miwili, lakini rangi imebanduka kuanzia chini mpaka usawa wa goti, plasta ukiigusa inatoa unga mweupe, na kabati lililoegemea ukuta limeota fangasi mgongoni. Fundi anasema rangi ni mbovu. Muuza rangi anasema fundi ni mbovu. Nilimwuliza chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, kuliwekwa nini, akanitumia picha iliyopigwa siku ya kumwaga zege. Nailoni ipo, nyeusi, imetandazwa vizuri kabisa, ila kokoto za chini yake zinahesabika moja moja. Kwenye risiti imeandikwa geji 1000 (geji ni kipimo cha unene). Nailoni ya geji 1000 haichori kokoto namna ile.

Kinachomtesa ni maji ya ardhini. Yanapanda kupitia zege na tofali, yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, na chumvi yake inabaki nyuma ya rangi. Chumvi hiyo inajikusanya, inatuna, inasukuma rangi na plasta nje. Pwani hali ni mbaya zaidi kwa sababu sehemu nyingi maji hayako mbali na uso wa ardhi, visima vingi ni vya chumvi, na wengi wetu tunachanganyia zege maji hayo hayo. Ukipaka rangi mpya juu yake umempa muuza rangi hela, basi. Dawa, yaani nailoni ya kuzuia maji hayo, inanunuliwa kabla jamvi halijamwagwa.

Upana wa rola na kampuni iliyolitengeneza muuzaji atakueleza mwenyewe. Mimi nataka tukae kwenye jambo moja ambalo sijaona mtu akiliuliza dukani: unene halisi.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa mabati. Kwenye bati, geji 28 ni nene kuliko geji 30. Namba ikipanda bati linapungua. Nailoni ni kinyume: geji 1000 ni nene mara mbili ya geji 500. Nimeona watu wazima wakinunua geji 500 kwa kujiamini kwa sababu ya mazoea ya bati, na muuzaji amenyamaza. Geji 1000 maana yake ni robo milimita, yaani mikroni 250. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo nailoni yako ikizidiwa unene na karatasi mbili zilizoshikana, umeuziwa kitu kingine.

Vidole vinadanganyika, mzani mara chache. Mita moja ya mraba ya nailoni ya geji 1000 ina uzito wa takriban gramu 230. Rola la upana wa mita 4 na urefu wa mita 25 ni mita za mraba 100, hivyo linatakiwa kuwa na kilo 23 hivi. Likija na kilo 15, hiyo ni kama geji 650, hata kama nje wameandika 1000 kwa wino wa dhahabu. Duka la vifaa vya ujenzi linalouza misumari kwa kilo lina mzani. Omba rola liwekwe pale. Ukikataliwa, ondoka.

Wanaokata kwa mita wana ujanja wa ziada: nailoni nyingi huja imekunjwa au kama mfuko mrefu usiopasuliwa pembeni. Ukiishika unashika tabaka mbili, unaridhika na unene, kumbe ukiipasua na kuitandaza umebaki na nusu ya ulichokihisi. Daima pima tabaka moja. Na kuna viwanda vinavyochanganya unga wa chokaa kwenye plastiki ili uzito uonekane, basi usiishie kwenye mzani. Kata kipande, kikunje kwa nguvu mahali pamoja. Kikiacha mstari mweupe, au kikivutwa kikapasuka moja kwa moja badala ya kunyumbuka, kina unga mwingi au ni takataka zilizoyeyushwa upya. Kinuse pia. Plastiki nzuri karibu haina harufu.

Sasa mpangilio wangu wa vizuizi vya maji, kwa umuhimu.

Namba moja ni nailoni nyeusi ya geji 1000 iliyofaulu mzani, ikiwa imetandazwa juu ya mchanga laini, si juu ya mawe. Kifusi kishindiliwe, kisha mwaga mchanga wa sentimita 5 kufunika ncha za mawe. Maungio yapandane sentimita 30, na pembeni nailoni ipande ukutani mpaka ikutane na kizuizi cha kwenye tofali (ile felti ya namba tatu hapa chini). Hapo ndipo nyumba nyingi zinavuja: jamvi lina nailoni, ukuta una kizuizi chake, na katikati kuna upenyo ambao maji yanapita bila kuombwa hodi. Nyeupe inayopenyeza mwanga siitaki. Jua la siku chache la kusubiri zege linaidhoofisha upesi kuliko nyeusi.

Namba mbili, na hapa sijifichi, mimi ni mtu wa Sika. Kwa plasta ya nje ya msingi na kwa udongo wa saruji unaolaza tofali la mwisho chini ya mkanda, natumia Sika-1, dawa ya maji inayochanganywa kwenye maji ya saruji na kuziba vinyweleo vya ndani. Kampuni hiyo ilianza Zurich mwaka 1910 kwa dawa hii hii, na mwaka 1918 ikatumika kuzuia maji kwenye mahandaki ya reli ya Gotthard, Uswisi, ili treni za umeme ziweze kupita. Iliyozuia maji ya mlima mzima naiamini kwa nyumba yangu. Dr. Fixit ya India nayo inafanya kazi, na ni rahisi kukumbuka kipimo chake: mililita 200 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50 kwa ile ya LW+. Sina ugomvi nayo. Ninachokataa ni galoni zisizo na jina zinazomiminwa kutoka pipa nyuma ya duka.

Namba tatu ni felti ya lami, ile inayouzwa kwa rola nyembamba za upana wa tofali. Inawekwa juu ya msingi kabla ya kuanza kuta, walau sentimita 15 juu ya usawa wa ardhi ya nje. Ukishaiweka usiruhusu mtu ajaze udongo wa bustani mpaka juu yake, maana maji yataizunguka.

Lami ya kupaka kwa brashi inasaidia upande wa nje wa msingi, peke yake haitoshi. Geji 500 funikia saruji isinyeshewe. Oili chafu usimwage kwenye msingi.

Wanaojenga nyumba za mbao zilizoinuliwa, kama za kupumzikia kule Lushoto kwenye milima ya Usambara, hawana jamvi, wana uvungu. Wengi hudhani upepo unatosha. Ardhi ya kule ina maji karibu mwaka mzima, mvuke wake unapanda na kugota kwenye mbao za sakafu, na mbao ikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 kuvu wanaanza kuila. Ondoa visiki na mabaki yote ya mbao uvunguni, kwani ni karamu ya mchwa. Sawazisha ardhi iteremke kuelekea nje, tandaza nailoni ile ile ya geji 1000, ipandishe kidogo kwenye kila nguzo na kuifunga, kisha acha matundu yenye wavu pande mbili zinazotazamana. Geji 500 hapa haifai kabisa. Fundi bomba atakapoingia kutambaa kwa magoti ataitoboa yote. Na kati ya zege na mguu wa nguzo weka kipande cha felti; kwa kazi hiyo felti inapanda namba moja.

Lililonichosha ni visingizio vya bei. Zaidi ya mara moja nimeambiwa nailoni imepanda kwa sababu serikali imepiga marufuku plastiki. Marufuku ya Tanzania iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 ilihusu mifuko ya kubebea bidhaa. Plastiki za ujenzi hazikuguswa. Mama anayejenga chumba kimoja kimoja kwa hela ya kikoba anabeba gharama ya uongo huo, halafu anapewa geji 650 juu yake. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iandikwe geji, upana, urefu na kilo, vyote vinne. Muuzaji mwenye mali halali ataviandika.