Homeworld: Nani aliwaambia watoe mafuta kwenye ndege ndogo?

Haya jamani, karibuni tena. Leo ni Homeworld, gemu ya mikakati ya vita vya angani, ile ya mwanzo kabisa, ya 1999 kutoka studio ya Relic. Hadithi, muziki, chombo mama, hayo mnayajua, nayaruka. Kuna kitu kimoja kinanikera: mafuta. Ndege ndogo za kivita kwenye gemu hii zina tangi la mafuta, na matoleo yaliyofuata yakalitoa. Usiondoke, nataka uone tulichonyang'anywa.

Tazama skrini. Nimechagua intasepta kumi, yaani ndege ndogo za kupigana na ndege nyingine. Kila moja ina mstari wa uhai na mstari wa mafuta. Nabonyeza M ya kusogeza, nashika Shift nizipandishe juu, nazituma mbali. Unaona mstari wa mafuta unavyoshuka? Na hapo bado hazijafyatua hata risasi moja. Tangi likikauka ndege hailipuki, inaanza kutambaa. Na kutambaa ndiyo kifo chenyewe, kwa sababu humu risasi ni kitu kinachosafiri kweli: inatoka mtutuni, inakwenda, na kama uliyemlenga ameshahama, inapita patupu. Ganda la intasepta ni jembamba, kinga yake ni spidi. Ukiitoa hiyo, koveti zenye bunduki nyingi, vyombo vikubwa kidogo kuliko ndege, zinaziokota moja moja.

Sasa fanya hivi. Kabla ya shambulizi, tanguliza frigeti ya msaada, meli kubwa kuliko koveti. Hiyo inajaza mafuta na kukarabati, kwa ndege na koveti zote. Iweke nyuma ya mapigano, isiwe katikati, maana haina bunduki za maana. Gawa ndege zako mara mbili, Ctrl na 1, Ctrl na 2. Kundi la kwanza linapigana, la pili linanywa mafuta, halafu mnabadilishana. Amri ya kurudi itoe ikiwa imebaki kama theluthi ya tangi. Usingoje mstari uwe mwekundu, safari ya kurudi nayo inakula mafuta! Wengi hukosea wanaporudisha ndege zote kwa mpigo: zinapanga foleni, adui anazifuata mkiani, unapoteza ndege na frigeti pamoja.

Na ukigeuza mambo, hiyo hiyo ni silaha yako. Ivizie frigeti ya msaada ya adui kwanza. Ikilipuka, kundi zima la ndege zake liko mbali na nyumbani, mafuta yanakatika, na wewe unasubiri tu. Mbinu hii kwenye Homeworld 2 haipo kabisa.

Skauti nao wana kitufe cha kuchomoka kwa kasi, kizuri cha kupelelezea, ila kinafyonza mafuta vibaya sana. Difenda ni wazito, usiwatume mbali. Wape kazi ya kulinda wavunaji, vyombo vinavyokusanya rasilimali. Mpangilio wa kuruka? Umbo la kucha kwa kushambulia meli kubwa, umbo la mpira kwa kulinda. Hali ya ukali inaongeza nguvu ya risasi na kupunguza wepesi, hali ya kukwepa ni kinyume chake. Tusikae hapo.

Halafu ikaja Homeworld 2 mwaka 2003, mafuta hakuna, na ndege hujengi moja moja tena, unajenga vikosi: intasepta tano, skauti watatu. Kikosi kilichopungua kikitua, waliokufa wanajazwa tena. Nikiri, ni rahisi kuendesha, na mechi ya watu wengi inakwenda haraka. Kwa anayeanza pengine ni bora hivyo. Lakini hasara imekuwa nyepesi mno. Toleo lililoboreshwa la 2015 nalo limejengwa juu ya injini, yaani programu ya msingi, ya ile ya pili, kwa hiyo hata kampeni ya kwanza unaicheza bila mafuta. Hapo ndipo ninapochoka.

Msiniambie kuhusu Sins of a Solar Empire, gemu nyingine ya vita vya angani. Naipenda, lakini ndege zake ni kama nyuki wa mzinga: meli inayozibeba inazizaa upya kwa antimata, nishati ya meli humo, huna sababu ya kumhurumia hata mmoja. Na kwenye Stellaris, gemu nyingine ya anga, ndege zinaruka zenyewe, wewe unatazama tu.

Kuhusu bei: ngojeni punguzo, gemu kama hizi hupunguzwa mara kwa mara. Na kifurushi cha 2015 kina matoleo ya zamani ndani yake, kwa hiyo mafuta utayapata humo humo, fungua tu lile la zamani badala ya jipya.

Video ijayo ni koveti za kuteka, zile zinazoburuta frigeti ya adui mpaka kwako. Walioomba mashindano ya moja kwa moja, nimewasikia, tutacheza toleo la 1999, na anayekausha tangi atatajwa jina hewani.